Maji Tuliyowafukizia Wageni

Mwanangu Zuhura,

Salamu tulipeana asubuhi, uliponiamkia ukiwa na kikapu mkononi, kwa hiyo leo nitaziruka. Umekwenda Mkwaja kumuaga mjomba wako, na hutarudi mpaka magharibi. Sanduku lako nimelifunga. Mambo ya njiani, wapi upande na wapi ushuke, atakueleza shangazi yako kesho ukilala kwake Ngamiani. Yeye anayajua kuliko mimi, na anapenda kuyaeleza. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimelikalia miaka kumi na minne.

Ningeweza kukwambia kwa mdomo. Juzi tulipokuwa tunachambua mchele nilijaribu, nikaishia kukuuliza kama umetia kanga zako zote. Kwa mdomo nitaanza kujitetea. Nilipokuwa shule, mwalimu wetu alitufundisha kuisoma barua tena kabla ya kuitia katika bahasha, na kufuta kila sentensi isiyo ya kweli. Nimekaa hapa tangu adhuhuri, na nimekwisha kufuta nyingi.

Jambo lenyewe ni ile siku ya wageni.

Najua unavyoipenda siku ile. Ulikuwa na miaka saba. Ulisimama mstari wa mbele katika ngonjera, umevaa gauni la njano la mtoto wa Bi Kibibi, na yule mama wa Zambia akakunyanyua, akakupa kalamu yake ya wino. Ulikuwa ukilala nayo chini ya mto mpaka wino ukakauka. Ulipoitwa kwenye usaili wa chuo na kuulizwa kwa nini unataka kuwa bibi maendeleo, uliwasimulia kalamu ile. Ulirudi ukaniambia kwamba hata mzee aliyekaa mwisho wa meza, ambaye hakuwa amesema neno, alitabasamu. Na sasa unakwenda Zambia kwenyewe, katika chuo ambacho serikali zetu za jirani zimekubaliana kupeleka vijana wao, wasome pamoja namna ya kuupunguza umaskini wa vijijini. Kwako siku ile ndiyo mwanzo wa yote. Kwangu pia ni mwanzo, lakini wa jambo jingine, na nimeogopa kwa miaka yote hii kukuharibia.

Miaka ile ilikuwa ya foleni. Duka la ushirika lilikuwa na rafu na mtu wa kuzilinda, basi. Nguo tulifua kwa majivu. Mtu akifa, sanda ilitafutwa kwa barua ya mwenyekiti wa kijiji. Shamba la mkonge alikofanya kazi baba yenu lilikuwa limefungwa, naye alikuwa Unguja akitafuta kibarua. Na kisima chetu kilikuwa kimeingia chumvi, ukipikia wali hauliki. Tukawa tunachota bwawani, Kwa Kibwana, kule bara wanakonyweshea ng'ombe. Wewe huikumbuki njia ile ilivyokuwa wakati huo, maana ulikuwa mdogo na ulibaki umelala. Aliyekuwa akienda ni dada yako.

Mwanaisha alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Alikuwa akitoka kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi jua limekwisha kupanda. Akishatua ndoo alikuwa akichota kata moja tu, ananawa uso na miguu kwa kata hiyohiyo, kisha anakimbia shule. Mwalimu alimsamehe kuchelewa kwa sababu ya mwandiko wake. Aliandika kama mtu anayedarizi kofia. Ndoo yenyewe ilikuwa ya bati, nzito hata ikiwa tupu, na ilikaa utosini juu ya ngata ya majani ya mgomba. Palepale utosini nywele zilikuwa zimekatika. Pametoka kiduara kitupu, laini, ukubwa wa kisoda. Kila nilipomsuka nilikuwa nakizungushia nywele za pembeni ili kisionekane.

Ndipo mwenyekiti akatukusanya kutwambia kuwa serikali kadhaa za Afrika zimepatana kusaidiana katika maendeleo ya vijiji. Wataalamu wao watazunguka kwa pamoja, nchi hii na ile, watazame watu wanavyoishi, halafu wakae washauriane. Kijiji chetu kimechaguliwa kutazamwa. Akasema, "Jamani, hawa si wageni wa kijiji, ni wageni wa nchi. Tusiivue nchi nguo mbele ya majirani."

Bi Kibibi akamjibu kutoka nyuma, "Nguo yenyewe nchi inayo, mwenyekiti? Mimi kanga hii navaa kwa zamu na mwanangu."

Tulicheka sana. Lakini yeye huyohuyo Bi Kibibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa. Alileta sahani zake sita za maua, alizokuwa amezifukia shimoni tangu harusi yake ili zisivunjike. Mwingine akaleta mchele aliouweka wa Iddi. Mikeka ikatoka, na mito. Unajua tulivyo. Mgeni akija, nyumba zote zinakuwa nyumba moja, na shida zote zinapelekwa uani.

Kazi ya maji ilikuwa yangu, kwa kuwa nilikuwa katibu wa kikundi cha akina mama. Siku mbili watoto wetu walichota. Tukachuja kwa kanga mara tatu, tukatia shabu mpaka tope likatuama chini. Halafu nikatoa ubani wangu wa mwisho, niliokuwa nimeuweka kwa ajili ya maulidi, nikauchoma kwenye chetezo, na mitungi nikaifunika juu ya moshi mmoja baada ya mwingine. Nilisubiri mpaka moshi ukakaa humo ndani ndipo nikamimina maji. Mwanaisha alinishikia mitungi. Akaniuliza, kama wageni wamekuja kuona shida zetu, kwa nini tunazitia harufu nzuri. Nikamwambia atazame mtungi usimponyoke.

Walikuja wanne, pamoja na bwana maendeleo wa wilaya. Ngonjera yenu waliipenda. Walikula, wakasifu samaki. Yule mama wa Zambia alizaliwa mpakani, kwa hiyo Kiswahili alikijua, cha taratibu na cha adabu. Alipokunywa maji aliuliza yana nini hata yananukia namna ile. Mwenyekiti akasema ndivyo maji ya pwani yalivyo. Yule mama akafungua daftari, akanigeukia mimi.

"Mnachota wapi, mama?"

"Hapo tu," nikasema, nikaelekeza kidevu nyuma ya nyumba.

Wewe ni mtoto wa hapa, utanielewa kwa nini lilinitoka upesi hivyo. Ukimwambia mgeni kuwa maji yametoka mbali, ni kama umemhesabia mafunda aliyokunywa. Hata leo mtu akikuuliza nyumbani kwako, utamwambia hapo tu, ili asione taabu kuja. Sikuwa na nia ya kumdanganya. Nilikuwa namkaribisha. Lakini yeye aliandika, na kilichoandikwa hakikuwa karibisho.

Mwanaisha alikuwa mlangoni na kata mkononi, akingoja kuwaongeza maji. Akasema, "Si hapo, mama. Ni Kwa Kibwana. Tunatoka kabla ya adhana."

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama anavyojibu darasani, amesimama wima, sauti ya wastani. Nilimtazama kwa yale macho ambayo nanyi mnayajua. Mwenyekiti akatuokoa, akasema watoto wa siku hizi hata kuteka maji wanaona ni safari ya Makka. Wakacheka, nami nikacheka nao.

Yule mama hakucheka. Alimwita Mwanaisha, akamshika mkono, akamuuliza yuko darasa la ngapi. Kisha akamgusa utosi. Alikuwa na kidole chepesi. Alizipangua zile nywele nilizozungushia mpaka kikaonekana kile kiduara.

"Na hapa pamekuwaje?"

Mtoto alikuwa anafungua mdomo. Nikamuwahi. Nikasema, "Hayo ni mapunye tu. Tunampaka dawa."

Mkono wa yule mama uliondoka kichwani taratibu, kwa heshima, akaupangusa kwenye kitenge chake. Mwanaisha alikitazama kile kitenge.

Zuhura, hapo ndipo nilipo. Miaka yote hii watu wananiona natembea, nalima, naenda kwenye harusi za watu, lakini mimi niko pale, mkono unapangusa kitenge.

Na nilipewa nafasi nyingine. Wakati wanaagana, yule mama alinivuta pembeni karibu na gari. Aliniambia mama yake mzazi alikuwa na kipara kama kile mpaka anazikwa, cha ndoo, maana walikuwa wakichota mbali sana. Akasema, "Nilipomwona mwanao nikafikiri ni ndoo. Nashukuru kama ni mapunye tu."

Alikuwa ananipa mlango, tena ameufungua yeye mwenyewe. Nikasema, "Naam, ni mapunye tu." Kisha akarudi, akakunyanyua wewe, akakupa kalamu.

Jioni tulikuwa tunakunja mikeka ya watu. Mwanaisha alikuwa upande ule na mimi upande huu, tunakutana katikati. Akasema, "Mama, mimi sina mapunye."

Nikamwambia, "Najua. Nyamaza."

"Mwalimu alisema wamekuja ili tuwaambie."

"Mwalimu wako hakupika," nikamjibu.

Kesho yake shuleni walimsogeza peke yake kwenye dawati, na wenzake wakamtungia wimbo, mapunye mapunye usinikaribie. Wewe uliuimba pia. Ulikuwa mdogo, ulidhani ni mchezo, na yeye hakukukataza. Alianza kufunga kitambaa. Alipotoka na ndoo alfajiri alikuwa akiifunga ngata juu ya kitambaa.

Baada ya miezi kadhaa tuliona malori ya kuchimbia visima yanakuja na barabara yetu. Tulitoka wote tukasimama kando, tukayapungia mikono. Yakapita. Yalikwenda kijiji cha mbele, kile cha bara, ambacho wanawake wake waliwapokea wageni bwawani kwenyewe na kuwapa kibuyu cha tope wakitazame. Tulikuwa tumewacheka wanawake wale. Tulisema hawana ustaarabu.

Mwenyekiti nami tulikwenda ofisini kwa bwana maendeleo. Akafungua faili akatusomea: maji yapo karibu na makazi, ni safi, yana harufu nzuri, afya ya watoto si mbaya ila maradhi madogo ya ngozi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikisikiliza maneno yangu yanavyosomwa kwa sauti ya serikali. Bwana yule hakuwa mtu mbaya. Alituuliza, "Si mlisema wenyewe?" Tukamwomba abadilishe. Akatueleza kuwa orodha imekwisha kupita kwenye mkutano wa nchi zote, kila moja imetia saini, na nchi moja haiwezi kuigusa peke yake. Tungoje mkutano ujao. Huo mkutano ujao sijui kama ulikuwapo. Tuliambiwa fedha zimekwisha, kisha tukaambiwa mpango umebadilika, kisha bwana maendeleo mwenyewe akahamishwa.

Masika ile maji ya mvua yalikokota kinyesi cha ng'ombe mpaka katikati ya bwawa. Ulikua ukijua kuwa dada yako alikufa kwa homa. Hiyo ni sentensi ya kwanza niliyoifuta leo. Ilikuwa kipindupindu. Aliugua Jumatatu, na Jumatano tukamzika. Zahanatini hapakuwa na dripu. Alikuwa akiomba maji, na mimi nilikuwa nampa yaleyale ya bwawani, kwa kuwa hapakuwa na mengine, wala kuni za kuyachemsha hazikuwa kavu.

Siku yake ilikuwa imeandikwa. Sishindani na hilo, wala usije ukafikiri mama yako amepotewa na imani. Ninachokisema ni kingine. Mwosha maiti alipofungua kile kitambaa akasema, maskini, na mapunye yake. Nilikuwa nimeshika chombo cha maji. Hata hapo sikusema kitu.

Sasa mambo yamegeuka. Imekuja ruksa ya kufanya biashara, duka la ushirika limekuwa ghala la mitumba, sabuni ya kila rangi ipo, na yule bwana wa pampu anauza maji kwa dumu pale njia panda. Wenye uwezo wananunua. Wasio na uwezo, wewe unawajua kwa majina, binti zao bado wanakwenda Kwa Kibwana. Mwaka juzi walikuja wageni wengine wenye daftari. Waliwakalisha akina mama chini ya bati la shule, na nikasikia kwa masikio yangu mke wa mwenyekiti mpya akisema hapo tu. Nilinyanyuka kusema. Badala yake nikajifanya nakwenda kumtazama mbuzi. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kama mtu aliyejifunza akapona. Nilijua la kusema, sikuwa na nguvu ya kulisema.

Uliwahi kuniuliza, ulipokuwa darasa la tano, kwa nini mtungi wa kwetu haunukii kama wa Bi Kibibi. Nilikwambia ubani unaniumiza kichwa. Hiyo ni sentensi ya pili niliyoifuta.

Kalamu yako sitaki kukunyang'anya. Yule mama alikuwa mwema. Aliuliza vizuri, akauliza mara mbili, akaja mpaka na kipara cha mama yake mkononi. Aliyekosa ni mimi. Niliona aibu mbele ya mtu aliyekuja kwa sababu ya ile aibu hasa. Na siku hizi nafikiri huenda hata kwao, wageni wetu walipokwenda, mama fulani alifukiza mtungi. Huenda nchi zote zile zilikaa kwenye meza moja zikasomeana majibu ya wenyeji waungwana.

Huko uendako utakaa na vijana wa nchi nyingine, na kila mmoja atasifia kwao. Utatamani nawe kutusifu, na una mengi ya kusifu. Lakini wakikuuliza habari za maji, usinisitiri mimi. Na siku watakapokutuma kijijini kwa watu, utakalishwa kwenye mkeka ulioazimwa na utapewa maji yenye harufu nzuri. Yanywe, ushukuru, mtu ametoa cha mwisho alichonacho. Daftari liache mfukoni. Omba ulale. Alfajiri ukisikia ndoo inagonga, toka, uombe ngata, uende nao. Ndivyo ningependa yule mama angefanya. Silaumu, gari lilikuwa linamngoja.

Na kama kuna binti anafungua mdomo na mama yake anamuwahi, mngoje amalize mama. Kisha mgeukie binti.

Sijui utanionaje ukishaisoma. Nimejiuliza tangu adhuhuri, na mara mbili nimeinuka niichane. Unaweza kukaa siku nyingi bila kuniandikia, nami nitaelewa. Lakini ukiandika, usiandike kwamba umenisamehe kwa kuwa mimi ni mama yako. Niandikie ulichokiona huko, kama kilivyo. Kwa mwandiko mzuri, kama wa dada yako.

Karibu na kanga zako nimetia chupa ya maji. Nilikwenda mwenyewe leo alfajiri, kabla hujaamka, na miguu yangu imenikumbusha njia nzima. Ni maji ya Kwa Kibwana. Nimeyachemsha, usiogope, lakini sikuyafukiza. Utasikia tope.

Nakuona unakuja kule njiani na kikapu cha mjomba wako kichwani, kwa hiyo namalizia. Dada yako alikuwa msafi kuliko watoto wote wa kijiji hiki. Alikuwa akijinawia kwa kata moja. Nilitaka walau mtu mmoja duniani nimwambie kwa mkono wangu: Mwanaisha hakuwa na mapunye.

Mama yako